Chuma Kilicholika Pajani mwa Ishaka

Ishaka alikuwa dereva wa lori miaka ile Zambia ilipofungiwa njia ya kusini na mafuta yake yakaanza kupitia kwetu. Barabara haikuwa na lami bado. Kiangazi kilikuwa vumbi tupu, masika ilikuwa tope la kufika kwenye ekseli. Alizaliwa Kondoa, akajifunza gari kwa Mhindi mmoja Dodoma, na alipokaribia miaka thelathini alikuwa akipeleka mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola na kurudi. Nguo zake zote zilikaa nyuma ya kiti. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa, na hakuweza kutulia mahali pamoja. Hata chakula alikula amesimama, sahani ikiwa juu ya boneti.

Mtu pekee aliyemfanya asimame Tunduma zaidi ya kuwekewa muhuri wa forodha ni Mwasiti, binti wa Kinyamwezi aliyekuja mpakani na kaka yake mfanyabiashara. Alikuwa anauza chai na maandazi kwa madereva. Wakaoana mwaka 1967, Ishaka akapanga chumba kimoja karibu na msikiti, na bado akawa analala zaidi ndani ya lori kuliko chumbani. Mwasiti alimwambia siku moja, "Wewe hukuoa mke, umeoa kituo cha mafuta." Ishaka akacheka mpaka akamwaga chai.

Masika iliyofuata, upande wa Zambia, mbele ya Isoka, daraja la magogo lilikatika chini ya lori lake. Lori likalala ubavu. Ishaka akabanwa kati ya usukani na mlango, mapipa yakiporomoka nyuma yake moja baada ya jingine. Utingo wake, Rubeni, kijana wa Kinyiha kutoka Vwawa, alitoka bila mchubuko na akamvuta nje kupitia dirishani. Paja la kulia lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi. Gari la wajenzi wa barabara likamchukua, na baada ya safari ambayo Ishaka hakupenda kuisimulia, akafikishwa katika hospitali ya mji mmoja wa migodi.

Wakampasua. Alipopata fahamu, daktari Mzungu alimwonyesha picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa wake ulikuwa mweupe, na juu yake umelala mstari mweupe zaidi, ulionyooka kama rula, wenye skrubu zilizoingia ndani ya mfupa. Muuguzi mmoja aliyejua Kiswahili cha Katanga akatafsiri.

"Anasema hilo bamba ni la kushikilia tu. Mfupa ukishaunga, kazi yake imekwisha. Urudi mwakani akalitoe."

"Nikichelewa?" Ishaka akauliza.

Muuguzi akamgeukia daktari, wakazungumza kidogo. "Anasema usichelewe sana."

Ishaka alishukuru. Mpaka uzeeni hakumlaumu daktari yule kwa kumuunga mfupa. Wenzake wengi waliovunjika katika barabara ile walizikwa kando yake.

Baada ya miezi kadhaa alikuwa tena nyuma ya usukani. Mwaka ukapita. Kila safari ya Ndola alijiambia atapitia hospitali, na kila safari kulikuwa na mzigo wa kuwahi au gurudumu la kuziba. Mguu haukuuma. Anayekumbuka kwenda hospitali wakati hana maumivu ni nani? Stumai, binti yao, akazaliwa. Wachina wakaja kupima njia ya reli. Lami ikaanza kusogea kutoka kaskazini.

Mwaka 1971 ndipo mguu ulipoanza kusema. Kwanza ulikuwa mwasho chini ya kovu, mwasho usiokunika kwa sababu ulikuwa ndani. Kisha likaja joto. Mwasiti alikuwa akiweka kiganja pale na kukiondoa haraka. Ngozi ikaanza kugeuka rangi, ikawa kama mahali palipopigwa na kuvilia damu, isipokuwa damu ile haikuisha. Ishaka alipokanyaga breki kwa nguvu alihisi kitu kinacheza, kama nati iliyolegea. Siku moja pale forodhani alishindwa kushuka kwenye lori, na bosi wake alikuwepo. Kazi ikaishia hapo hapo.

Sasa alikuwa na muda wote wa kwenda Ndola, lakini hakuwa na lori wala karatasi za safari. Rubeni, ambaye sasa alikuwa dereva mwenyewe, ndiye aliyempakia mwaka uliofuata na kumvusha. Ishaka alirudi baada ya wiki moja, bamba likiwa bado pajani. Yule daktari alikuwa amerudi kwao Ulaya. Hospitali ilikuwa ya watu wa migodi, na yeye sasa hakuwa mtu wa kampuni yoyote, tena mgeni. Walimtazama akitembea, wakamwambia mguu unatembea, anataka nini zaidi?

Alijaribu hospitali ya upande wetu. Daktari wa pale alikuwa muungwana, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali ambalo Ishaka hakulitegemea.

"Skrubu zako zina kichwa cha namna gani?"

"Nitajuaje, daktari? Ziko ndani."

"Ndiyo tabu yenyewe. Kila nchi inatengeneza zake. Nyingine zina mfereji mmoja, nyingine zina msalaba, nyingine zina tundu la pembe sita. Kila moja ina bisibisi yake. Mimi hapa ninayo moja tu. Nikikupasua nikakuta haiingii, nitakufunga tena na kidonda juu, na bamba lako ndani."

Ishaka akacheka, kwa mazoea. "Kwenye sanduku langu la gari nina bisibisi za kila aina."

"Za gari haziingii kwenye mtu," daktari akasema, na hakucheka.

Ishaka alirudi Tunduma na maneno hayo. Alimwambia Mwasiti, "Mama Stumai, mimi nimefungwa kwa ufunguo, na aliyenifunga amesafiri nao."

Bila mshahara chumba cha mjini kiliwashinda. Wakapata shamba dogo nje ya Tunduma, Mwasiti akalima mahindi, Ishaka akawa anakaa mlangoni akitazama barabara. Kutoka pale aliyaona malori. Alijua kwa mlio tu lipi limebeba mzigo mzito na lipi dereva wake ana haraka. Hiyo ndiyo ilikuwa burudani yake, na hata hiyo haikudumu. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji. Mgambo walifika asubuhi, wakaezua paa, wakapakia mabati na vyungu kwenye trekta, na familia ikapelekwa nyuma ya vilima, katika kijiji kipya kilichopewa jina la Umoja. Nyumba zilipangwa kwa mistari. Barabara haikuonekana wala kusikika.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Anania, Mnyamwanga, mkulima mzuri na mzee wa kanisa. Hakuwa mtu mbaya. Alipewa watu waliotoka huku na huko, njaa ikiwa mlangoni, akaambiwa awafanye wawe kijiji. Serikali ilipoleta mashine ya kusaga ya dizeli, Anania alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza nani anajua injini. Ishaka akajitokeza. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu alikuwa na grisi mikononi, na watu wa Umoja wakakumbuka baadaye kwamba miezi ile mashine ilikuwa haisikiki vizuri kwa kicheko chake.

Lakini mashine ile ilimfunga kuliko bamba. Ilikuwa ya kuwashwa kwa kuzungusha hendeli, mkono wa chuma wa kuchomeka ubavuni, nzito, yenye tabia ya kurudi nyuma na kuvunja mkono wa asiyeijua. Hakuna mwingine aliyeiweza. Na kutoka kijijini kwa zaidi ya siku moja kulihitaji kibali cha mwenyekiti. Kila Ishaka alipoomba kwenda kutafuta hospitali, Anania alikuwa na jibu, na jibu lake halikuwa la uongo.

"Ndugu Ishaka, sasa ni mavuno."

"Ndugu Ishaka, mkuu wa wilaya anakuja kuiona mashine."

"Vumilia, ndugu yangu. Wote hawa wakatwange?"

Katika baridi ya mwezi wa saba, mwaka 1977, paja lilijitoboa lenyewe. Hakukuwa na ajali wala jipu la kueleweka. Kovu la zamani lilifunguka tundu dogo kama la sindano ya magunia, na likaanza kutoa maji. Mwasiti alitegemea usaha. Maji yale yalikuwa meusi. Hayakunuka sana, yalikuwa na weusi wa mafuta machafu ya injini, na ndani yake chembe ndogo kama masizi. Kitambaa alichomfunga nacho alikichemsha kwa sabuni na majivu, doa likabaki.

Wala hakukuwa na namna ya kuficha. Suruali zilikuwa mbili. Watoto wakaanza kumwita Mzee Oili, na watu wazima wakaona jina linafaa. Wengine walinong'ona kwamba mtu anayetokwa na maji meusi ametupiwa kitu, na kwamba vizuri unga usishikwe na mikono yake. Mmoja alishauri apelekwe kwa mganga ng'ambo ya mpaka anayetoa vitu mwilini.

"Anatoa vitu gani?" Ishaka akamuuliza.

"Vyovyote vilivyofichwa. Misumari, mifupa, nywele."

"Ana bisibisi?"

Yule mtu aliondoka amekasirika.

Mganga wa zahanati, kijana aliyeitwa Danford, ndiye aliyemsafisha kidonda kila juma. Dawa zilikuwa chache, na baada ya vita vya Kagera zikawa chache zaidi; wakati mwingine alikuwa na maji ya chumvi tu. Siku moja aliingiza kijiti cha chuma kwenye lile tundu ili aone kina chake. Wote wawili wakasikia: tik. Chuma kwa chuma. Danford akaacha mkono wake pale pale.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia," Ishaka akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Lakini Danford, chuma hiki walisema hakishiki kutu. Mimi mwenyewe nilikiona kinang'aa. Sasa haya meusi ni nini?"

"Sijui, mzee wangu. Ninachojua mimi ni kwamba hiki kidonda hakitafunga wakati kitu hicho kiko ndani. Naweza kukiosha mpaka nistaafu."

Ishaka akaacha kucheka baada ya siku ile. Alikuwa akizima mashine na kukaa nyuma ya banda peke yake. Alimwambia Mwasiti kwamba anakionja kile chuma mdomoni, hata kwenye ugali. Alimwambia kwamba akilala anahisi kinaliwa polepole na kitu kisichoshiba. Pale Umoja alikuwa katikati ya watu mia kadhaa, na hakuwa na mtu wa kumwambia zaidi ya huyo mke. Hata safari ya kwenda mtoni ilimshinda sasa. Dunia yake ilikuwa nyumba, banda na zahanati.

Mchana mmoja mashine ilizimwa mapema. Mwasiti alikuwa shambani, akasikia ukimya, akangoja iwashwe, haikuwashwa. Akaacha jembe. Alimkuta mumewe nyuma ya banda, ameketi juu ya gunia, suruali imevuliwa. Pembeni kulikuwa na sufuria ya maji yanayotoka mvuke, na ndani yake wembe na bisibisi tatu za gari. Alikuwa amekunja mkanda wa ngozi tayari kwa kuuma.

Mwasiti alimwaga maji ya sufuria, akaokota wembe na bisibisi, akavifunga kwenye kanga yake.

"Nipe," Ishaka akasema.

"Sikupi."

"Mwasiti, nimechoka. Siwezi kukaa na kitu hiki siku nyingine. Ama kitoke, ama mguu utoke, ama nitoke mimi."

"Kitatoka. Lakini si kwa mikono yako."

"Kwa mikono ya nani? Niambie. Ya nani?"

Mwasiti alimsaidia kuvaa, akamrudisha nyumbani, kisha akaenda zahanati. Danford alimwambia habari ambayo alikuwa ameisikia wiki hiyo hiyo: katika hospitali ya misheni huko Mbozi amekuja daktari wa upasuaji, Mtanzania, aliyesoma mifupa nchi za nje. Haijulikani atakaa muda gani. Wengi hawakai.

Mwasiti akaenda kwa mwenyekiti. Anania alikuwa anapukuchua mahindi na mkewe.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba kibali cha mume wangu, na trekta ya kutufikisha barabarani."

"Marahaba, mama. Wiki ijayo kuna ugeni wa mkoa. Wakishaondoka, nakuahidi."

"Uliniahidi wakati wa mavuno ya mwaka jana."

"Mama Stumai, mimi ninabeba kijiji kizima."

"Nami nabeba mtu mmoja. Nimeshindwa."

Anania akatazama mahindi yake. "Wiki ijayo," akasema tena.

Asubuhi yake, kabla ya watu kufika mashineni, Mwasiti aliichukua hendeli. Aliibeba begani, akaketi nayo chini mbele ya banda, akaiweka chini ya mapaja yake na kuifunika kwa kanga. Wanawake walipokuja na ndoo zao za mahindi aliwaambia, kila mmoja kwa utulivu ule ule, kwamba mashine haisagi mpaka Baba Stumai apelekwe hospitali. Wengine walimtukana. Mwanamke mmoja alimvuta mkono, Mwasiti akabaki kama jiwe la kusagia. Jua likapanda, foleni ikawa ndefu, watoto wakaanza kulia njaa.

Kisha Sekela, mke wa mwenyekiti mwenyewe, akafika na ndoo yake. Alisimama akasikiliza. Akauliza, "Ni kweli alitaka kujichana kwa wembe?"

Mwasiti akafungua fundo la kanga na kumwonyesha wembe na bisibisi.

Sekela akaitua ndoo. Akaketi kando ya Mwasiti, akanyoosha miguu. "Basi leo na kwangu hatuli," akasema. Wengine wakafuata, wakijaa kivulini mmoja mmoja, wengine kwa huruma, wengine kwa sababu hawangeweza kurudi nyumbani kutwanga huku mke wa mwenyekiti ameketi pale.

Anania alikuja mchana. Alitazama safu ya wanawake, akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Alikwenda mwenyewe kumtafuta dereva wa trekta.

Daktari wa misheni aliitwa Yonasi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na filamu chache za eksirei zilizobaki na alitumia moja kwa Ishaka. Alipoitazama picha alivuta kiti akaketi karibu na kitanda, jambo ambalo lilimwogopesha Ishaka.

"Mzee Ishaka, nikueleze kwa lugha ya gari. Umewahi kufanya kazi na betri?"

"Maisha yangu yote."

"Ndani ya betri kuna nini?"

"Sahani za risasi. Za aina mbili. Na maji ya tindikali."

"Ukitumbukiza vyuma viwili vya aina tofauti ndani ya maji yenye chumvi, na vikagusana, umeme kidogo unapita, na kimoja kinaanza kuliwa. Mwili wako wote wa ndani ni maji ya chumvi. Chuma kizuri kikiwa peke yake kinajijengea ngozi nyembamba inayokilinda. Kinaweza kukaa. Lakini naona hapa," akaonyesha picha, "skrubu hizi hazifanani. Huenda siku ile zilipungua, wakachanganya. Tena zinasuguana na bamba kila unapokanyaga, ile ngozi inakwanguka, chuma kinaliwa, kinajenga tena, kinakwanguka tena. Miaka kumi na miwili."

Ishaka alitazama dari. "Kwa hiyo mimi ni betri."

"Paja lako ndiyo."

"Ningekuwa nimerudi mwaka ule alioniambia?"

Yonasi akavua miwani. "Ungetoka na kovu tu."

Mwasiti, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuka akatazama nje.

"Na bisibisi?" Ishaka akauliza.

"Ninazo mbili. Fundi wa misheni amenichongea ya tatu. Zikikataa zote, nitakata. Leo hakirudi ndani."

Kuhusu upasuaji wenyewe, Ishaka alisimulia mara nyingi, na kila mara sauti yake ilishuka. Dawa ya kulaza ilikuwa haipatikani, kwa hiyo alichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kuanzia kiunoni hakuwa na mwili, lakini masikio yalikuwepo. Waliweka kitambaa cha kijani mbele ya uso wake. Mikono ilifungwa kwenye mbao. Aliona kitambaa tu, na akasikia. Alisikia bisibisi ikiteleza. Akamsikia Yonasi akisema, "Kichwa kimelika, hakina mfereji." Kisha akaisikia sauti aliyoijua tangu gereji ya Dodoma, patasi na nyundo, na kila pigo meza yote ilitikisika na meno yake pamoja nayo. Alitaka kuwaambia wangoje, lakini ulimi ulikuwa mkavu. Hakuwa na mguu wa kuusogeza wala mkono wa kuuinua. Alisoma sura zote anazozijua, akarudia. Muuguzi aliyeitwa Priska alimfuta machozi, na Ishaka alimwombea dua mwanamke huyo mpaka mwisho wa maisha yake.

Kabla ya kufunga, Yonasi alisema kutoka ng'ambo ya kitambaa, "Sasa nashona ndani. Uzi huu hautatolewa. Utayeyuka wenyewe baada ya wiki chache."

Ishaka akapata sauti. "Uzi wa nini?"

"Wa utumbo."

"Utumbo wa mnyama gani?"

Watu wakacheka, hata Priska. "Wa kondoo, mzee. Wa kondoo. Huu umetengenezwa uyeyuke. Kile chuma ndicho hakikutakiwa kuyeyuka."

Kesho yake Yonasi alileta bamba ndani ya sahani ya enameli. Lilikuwa si lile lililong'aa katika picha ya zamani. Pembe zake zilikuwa zimelika kama bati la kuezekea la miaka mingi, na kuzunguka kila tundu la skrubu kulikuwa na vishimo, vingine vimepenya. Skrubu mbili zilikatika na ncha zake zimebaki ndani ya mfupa. Kuzifuata kungeuvunja mfupa, akasema, na zikiwa peke yake humo huenda zisisumbue. Nyama yote iliyolizunguka bamba ilikuwa imeiva weusi, na Yonasi alikuwa ameikwangua kadiri alivyoweza.

Ishaka aliligeuzageuza bamba. Aliliona jinsi lilivyokuwa jepesi.

"Daktari, hapa pamepungua."

"Pamepungua."

"Kilichopungua kiko wapi?"

"Kingine kilitoka na yale maji. Kingine umekikojoa. Kingine kiko kwenye nyama, kwenye ini, kwenye damu. Kimesambaa."

"Na hicho unakitoaje?"

"Hakitoki, mzee wangu."

Ishaka akarudisha bamba kwenye sahani. Mwasiti alisema kwamba katika miaka yote ile, siku aliyomwona mumewe amekata tamaa kabisa si ile ya wembe. Ni hiyo, wakati kila mtu wodini alikuwa anampa hongera.

Alikaa kitandani majuma mengi, mguu umevutwa kwa kamba na mawe, kwa sababu mfupa ulikuwa na matundu na Yonasi aliogopa utavunjika. Tundu likafunga. Maji meusi yakakoma. Ladha ya chuma iliondoka mdomoni polepole, au pengine aliizoea. Hakuwa na hakika. Yonasi mwenyewe alihamishwa kabla Ishaka hajaanza kutembea kwa magongo.

Hawakurudi kukaa Umoja. Siku hizo watu walikuwa wameanza kuhama vijijini kimya kimya na hakuna aliyewasaka tena. Ishaka alikwenda mara moja tu, kuwafundisha vijana wawili kuiwasha mashine. Anania alimpokea kwa mikono miwili, akampa kuku. Wakapata tena chumba Tunduma, na Ishaka akafungua banda la kuchaji betri za malori. Mguu ulikuwa mfupi kwa vidole viwili na goti halikukunja vizuri. Msikitini alisali kwenye kigoda. Hakuendesha gari tena. Kicheko kilirudi, ila hakikuwa kile cha zamani.

Mwaka 1984 alikuja dereva mmoja, Amri, mtu wa Tanga, na betri iliyokufa. Alipoinama, Ishaka aliona kovu refu kwenye mkono wake. Akamuuliza. Amri akasema alivunjika Lusaka, wakamwekea chuma, na akapiga ngumi ukutani kuonyesha jinsi mkono ulivyo imara.

"Walikwambia urudi lini?"

"Mwakani. Lakini hauumi, mzee."

"Sikukuuliza kama unauma."

Ishaka alimketisha. Alimweleza yote, lori, daraja, maji meusi, kitambaa cha kijani. Alipandisha suruali akamwonyesha. Amri alisikiliza kwa adabu, akitupia jicho foleni ya forodha, ambayo ilikuwa inasogea. Aliahidi. Aliapa kabisa. Betri ilipojaa akaibeba kwa mkono ule ule wenye chuma, akamshukuru mzee, akawasha gari.

Mwasiti akatoka na chai. "Atakwenda?" akauliza.

Ishaka alikuwa anatazama lori likivuka kizuizi, likibadili gia kuingia Nakonde, upande wa Zambia.

"Kwa gia hiyo," akasema, "ana haraka sana."